Kuanzisha timu ya wanawake mtaani: wazazi kwanza, jezi baadaye

Ukiona timu ya wasichana imekufa mtaani, ulizia chanzo chake. Ni nadra kuambiwa ilikufa kwa kufungwa mabao mengi. Utaambiwa nauli ilishinda, au kiza kilikuwa kinawakuta njiani, au watu walianza kumsema kocha, ikawa leo hayupo huyu kesho hayupo yule, mpaka wakabaki saba na mpira mmoja uliochanika. Ndiyo maana katika mwongozo huu mazoezi yenyewe yako katikati na ligi iko karibu na mwisho. Kazi inakwenda kwa mpangilio huo.

Nawaandikia wanaotaka kuanzisha klabu ya ridhaa ngazi ya mtaa au kata, Tanzania Bara. Walioko Zanzibar au Kenya watabadilisha majina ya ofisi, kalenda ya mitihani na taratibu za usajili. Kuhusu wachezaji usiwe na shaka, wapo. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, na njiani waliifunga Ufaransa 2-1. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga amejipatia jina Saudi Arabia akiwa na Al Nassr. Mabinti wa mtaani kwako wanayajua majina hayo kuliko wewe. Wanachokosa ni mahali pa kuchezea karibu na kwao.

1. Chora mpaka

Chukua kata yako, au mitaa mitatu minne inayopakana, useme wachezaji wetu watatoka humu. Utasikia habari za binti wa mbali anayepiga chenga wavulana, na utatamani kumfuata. Fanya hesabu kwanza. Nauli ya daladala Dar es Salaam kwa njia fupi ilipangwa shilingi 600 Desemba 2023; kwa bei hiyo, kwenda na kurudi ni 1,200. Wachezaji 22, mazoezi mara tatu kwa wiki: shilingi 79,200 kila wiki, zaidi ya laki tatu kwa mwezi, na hapo hujanunua hata maji ya kunywa. Mwanafunzi hulipa 200, lakini aliyevaa bukta na raba kondakta hamwiti mwanafunzi. Binti anayekuja kwa miguu kwa dakika 20 atakuja hata wiki ambayo klabu haina senti.

Ukipata 12 mnaanza, usingoje 25. Anzia kwa walimu wa michezo wa shule za jirani, maana ndio wanaojua nani alichezea shule kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari. Kisha watafute waliomaliza kidato cha nne na wako nyumbani, walioko saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye vibanda vya chipsi. Wacheza netiboli usiwaache: wana mikono, wanajua kuruka na kusoma mpira wa juu, na kipa wako wa kwanza huenda akatoka huko.

2. Piga hodi

Tangazo likipita kwenye kundi la WhatsApp watakuja wa aina mbili, wenye ruhusa na waliotoroka. Hao waliotoroka ndio watakaokuletea baba mwenye fimbo katikati ya mazoezi. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, nenda nyumba kwa nyumba. Mwarifu kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe. Nendeni wawili, mmoja wenu awe mama mtu mzima anayejulikana pale mtaani, na msiende saa za kupika.

"Hodi hapa."

"Karibuni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mna nini na mwanangu?"

Hapo usianze kuhubiri Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake. Mama huyo anachambua dagaa kwenye ungo, jioni ana meza ya biashara, na binti unayemtaka ndiye mkono wake wa kulia. Maswali yake yanajulikana. Atarudi saa ngapi? Yuko na nani huko? Vyombo ataosha nani? Na shule? Halafu lile ambalo mara nyingi hutoka kwa bibi aliyekaa pembeni kimya muda wote: huyu si atakuwa jike dume?

Manne ya kwanza yajibu kwa karatasi moja: siku za mazoezi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, uwanja, jina na simu ya matroni, yaani mama atakayekuwa na mabinti kila mazoezi. Kuhusu vyombo, uliza ni siku zipi binti ana zamu ya kazi. Kama Jumanne ndiye mpishi, basi Jumanne hayupo na hatakosa namba kwa sababu hiyo. Mzazi akiona umekubali kupoteza mazoezi kwa ajili ya nyumba yake, mengine yanalainika yenyewe. Shule pia ina kalenda yake: darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na wenye mtihani wanapumzishwa mapema bila kuomba. Liandike hilo kwenye karatasi hiyo hiyo.

Swali la bibi usilibishie. Mwalike aje aangalie, umpe kiti kivulini. Nimeshawaona kina mama waliokuja kuchunguza, baada ya wiki chache wamesimama kwenye mstari wakimfokea refa kwa lugha ambayo kocha angepewa kadi.

Kwa familia za Kiislamu, suala la mavazi lizungumzeni mlangoni, lisingoje siku ya mechi. Sheria za soka zimeruhusu kitambaa cha kichwa tangu 2014. Kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, wanaovaa wote wafanane, kisiwe kimeunganishwa na jezi wala kuwa na pini. Suruali ya kubana ya ndani inakubalika ikiwa rangi moja na bukta, na mikono mirefu ya ndani ifanane na mikono ya jezi. Binti anaweza kucheza amejisitiri toka kichwani mpaka kifundo cha mguu, na refa hana la kusema.

Kwa walio chini ya miaka 18, usiondoke bila fomu ya ridhaa yenye saini ya mzazi, namba ya simu ya dharura, na maradhi kama pumu, kifafa au selimundu. Ongeza mstari mmoja wa picha: anaruhusu mwanawe apigwe picha na ziwekwe mtandaoni, au hapana. Wengine watakataa, na hawahitaji kukupa sababu.

3. Matroni kabla ya kocha

Kocha utampata. Kila mtaa una kijana aliyecheza ndondo akaumia goti na sasa anajua kila kitu. Adimu ni matroni: mwanamke mtu mzima anayekuwepo kila mazoezi na kila safari, mwenye begi la huduma ya kwanza na daftari la namba za wazazi. Nauli na chai yake viingie kwenye bajeti tangu mwanzo, maana viongozi wengi hudhani mama atajitolea milele. Siku matroni hayupo na hana mbadala, hakuna mazoezi.

Kocha muulize alifundisha wapi kabla, halafu upige simu huko. Leseni D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ndiyo ngazi ya chini, na kozi zake huendeshwa mikoani na TFF, shirikisho la soka Tanzania. Kama hana, aanze bila leseni, ila klabu iweke nia ya kumpeleka, na ikiwezekana impeleke pamoja na mchezaji mmoja mkubwa mwenye akili ya mpira. Baada ya miaka michache mnakuwa na kocha mwanamke wenu wenyewe.

Sasa jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa kwa aibu. Anayepanga kikosi ana mamlaka juu ya msichana anayetaka kucheza, na mamlaka hayo yanatumiwa vibaya mara nyingi. Andikeni kanuni, msomeeni kocha mbele ya wazazi, asaini:

- Hakuna kiongozi anayekaa faragha na mchezaji, iwe chumbani, kwenye gari au ofisini.
- Ujumbe wa simu kwa aliye chini ya miaka 18 unapitia kundi alimo matroni au mzazi.
- Hakuna mchezaji anayelala kwa kocha. Safari ya kulala, matroni analala nao.
- Mapenzi kati ya kiongozi na mchezaji: anayeondoka ni kiongozi.

Mtoto akiguswa, hilo ni kosa la jinai, na kikao cha kamati hakina mamlaka nalo. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kutakuwa na wazee watakaoshauri yamalizwe kifamilia. Wakatalieni.

Viongozi wengine wanaohitajika ni mwenyekiti, katibu na mhazini. Angalau wawili wa kamati wawe wanawake wanaosema kikaoni, wasiwe wa kujaza orodha.

4. Uwanja na saa

Saa kumi jioni viwanja vyetu ni vya wanaume: timu ya mtaa, timu ya bodaboda, maveterani. Timu ya wasichana husogezwa pembeni, kisha nyuma ya goli, kisha huambiwa wangoje, na wakimaliza kungoja jua limezama. Timu ikizoea kungoja, haina uwanja.

Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule yenye uwanja. Peleka barua ya klabu yenye siku na saa, na useme mtatoa nini: kufyeka nyasi, kuokota chupa, kuwafundisha wasichana wa shule hiyo pamoja na wenu. Omba jibu la maandishi lenye muhuri, nakala yake ipelekwe ofisi ya mtaa. Karatasi yenye muhuri ina uzito wa ajabu siku kundi la watu wazima linapokuja na mpira wao kutaka mpishe.

Saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja kuna jua, lakini ni saa yenu. Jumamosi saa moja asubuhi ni bora zaidi, uwanja mtupu na hewa baridi. Vyovyote iwavyo, filimbi ya mwisho isipite saa kumi na moja na nusu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na kidogo na karibu saa moja kasorobo kutegemea mwezi, na mnataka kila mtu awe kwao kabla ya Magharibi. Wanaoelekea upande mmoja waondoke pamoja, wakifika wa mwisho atume ujumbe kwa matroni.

Ramadhani msijidanganye na ratiba ya kawaida. Jioni mabinti wako jikoni, futari haijipiki. Punguzeni iwe mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema wakiwa bado na nguvu ya daku, mazoezi mepesi ya mpira, hakuna mbio.

Mkikosa uwanja mzima, kubalini nusu. Wachezaji 14 kwenye nusu uwanja wanatosha kufanya kazi nzuri. Na maveterani msigombane nao ovyo, wengi wana mabinti wa umri huo huo.

5. Vifaa, kwa mpangilio huu

Mipira kwanza, lengo mpira mmoja kwa wachezaji wawili. Waliovuka miaka 13 au 14 watumie namba 5, wadogo namba 4. Kisha vizibao vya rangi mbili, koni (chupa za maji zenye mchanga zinafaa), pampu, begi la huduma ya kwanza. Kisha njumu. Jezi ndizo za mwisho, ingawa ndizo kila mfadhili anataka kutoa kwanza kwa sababu zinapigwa picha.

Njumu nzuri ziko mitumbani, Karume kwa Dar es Salaam, Memorial kwa Moshi. Ikunje kwa mikono: inapaswa kukunjika penye vidole. Ikikunjikia katikati ya wayo, iache hata kama ni ya bei rahisi. Namba za 36 mpaka 39 huisha mapema, mwambie muuzaji akuwekee siku ya kufungua belo. Uwanja wa mchanga mtupu hauhitaji njumu, raba inatosha. Vikinga ugoko ni lazima kisheria kwenye mechi, na kwenye mazoezi kipande cha boksi gumu ndani ya soksi ni bora kuliko mfupa mtupu.

Bukta chagueni nyeusi au bluu iliyokoza. Timu ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe ikavaa za bluu mwaka 2023 kabla ya Kombe la Dunia, baada ya wachezaji kusema wazi kwamba siku za hedhi nyeupe inawatia hofu. Kama wao wenye kila kitu walikuwa na hofu hiyo, sembuse binti anayetumia kitambaa. Sidiria ya michezo nayo si anasa, iingie kwenye bajeti. Matroni ndiye anunue, kocha asihusike na vipimo.

6. Mazoezi

Mchezaji wako wa miaka 15 huenda hajawahi kupiga mpira kwa ndani ya mguu. Kaka yake alianza kupiga makopo akiwa na miaka sita. Tofauti hiyo ni ya miaka ya kucheza, haina uhusiano na jinsia, na dawa yake ni kugusa mpira mara nyingi. Mistari mirefu ya kungoja zamu ifutwe kabisa. Dakika 75 zinatosha zikitumika hivi.

Dakika 20 za kwanza ni za kupasha mwili, na hapa msikate kona. Wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na binti akiumia hivyo mtaani, upasuaji ni ndoto. FIFA ina programu iitwayo 11+, mazoezi 15, haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Ilipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Inaanza na kukimbia taratibu dakika nane, inafuata nguvu, mizani na kuruka dakika kumi, inamaliza na mbio dakika mbili. Inafanya kazi ikirudiwa kila mazoezi. Ikifanywa siku za mechi tu, haisaidii.

Kitu cha kutazama ni goti. Msimamishe mchezaji mbele yako, aruke juu na kutua kwa miguu miwili. Wengi, hasa waliorefuka ghafla, magoti yao huingia ndani yakikaribia kugusana. Mwambie atue kimya, makalio nyuma kama anakalia kigoda, magoti yaelekee vidole vya miguu. Wawekeni wawili wawili watazamane na kusahihishana. Baada ya wiki kadhaa utaona wanatua kimya bila kukumbushwa, na hapo ndipo uwaongezee kuruka kwa mguu mmoja.

Dakika 20 zinazofuata ni za mpira kwa wawili wawili na wanne wanne: kupokea, kugeuka, kupasia kwa miguu yote miwili. Kisha dakika 30 za mchezo mdogo, watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, magoli madogo bila kipa, viwanja viwili au vitatu kwa pamoja. Hapo ndipo mpira unapofundishwa kweli. Kocha asimamishe mchezo mara chache, aseme jambo moja, aendelee. Zinazobaki ni za kunyoosha viungo, maji, na matangazo ya matroni.

Makipa wana shida yao. Goli la wanawake ni lile lile la mita 7.32 kwa 2.44, na kipa wa mtaani mara nyingi hana urefu wa kuugusa mtambaa wa panya. Timu nyingi huliona hilo, zinapiga mashuti ya juu toka mbali, na mabao manne yanaingia kwa njia moja. Mpe kipa dakika 15 zake peke yake kila mazoezi: miguu, kusimama mahali sahihi, kutoka mapema kabla mpigaji hajatulia. Na kabla ya yote, kila siku, wachezaji wote wapite uwanja mzima kwa mstari mmoja wakiokota vioo na misumari.

7. Mwili

Pedi ziwe kwenye begi la matroni, achukue anayehitaji bila kuomba mbele za watu. Hedhi haimzuii mtu kucheza. Ila mchezaji ambaye hakuona siku zake miezi mitatu mfululizo, na si mjamzito, apelekwe hospitali, maana mara nyingi anakimbia sana na kula kidogo, na mifupa yake ndiyo inayolipa.

Chakula hatuwezi kuwapangia watu wasio na kitu, lakini mambo mawili ni rahisi. Aje amekula, hata kiporo cha ubwabwa na maharage saa mbili kabla. Na chai asinywee pamoja na mlo wenye dagaa, maharage na mchicha, angoje kama saa moja, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini na wasichana wetu wengi wana damu pungufu. Kizunguzungu na kuchoka haraka msiviite uvivu kabla ya kipimo cha damu.

Mchezaji akipata ujauzito, jina lake libaki kwenye daftari la klabu. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni, itakuwa ajabu uwanja uwe mkali kuliko darasa. Akirudi, aje na ruhusa ya daktari, aanze na kutembea na mazoezi ya tumbo na nyonga, mbio baadaye. Mtoto aje naye uwanjani, shangazi wa kumshika hawakosekani. Baadhi ya wachezaji watakaokufaa zaidi ni mama vijana ambao timu nyingine ziliwaandika wamekwisha.

8. Mechi za kwanza

Tafuteni timu ya shule au bonanza la kata. Msikimbilie kucheza na timu ya mkoa, kipigo cha 9-0 katika mechi ya kwanza kinaweza kuwapunguza mazoezini wiki nzima. Ombeni vipindi vitatu vya dakika 20 ili kila mchezaji aguse uwanja. Hiyo ni mechi ya kirafiki, mnakubaliana wenyewe.

Sheria haikubali mechi kuanza timu moja ikiwa na wachezaji chini ya saba, na kwa ridhaa hilo si jambo la vitabuni, ni Jumapili ya msiba au ya harusi mtaani. Katibu apige simu Ijumaa jioni kwa kila mmoja, na apate neno la mzazi. Wavulana wanaokuja kuzomea maumbile ya wachezaji wapo, watakuja. Wapangieni kazi: mmoja aokote mipira, mwingine ashike kibao cha matokeo. Aliyekataa kazi na kuendelea na matusi aondolewe na viongozi wa mtaa, ambao mtakuwa mmewaalika kwa sababu hiyo.

9. Usajili na ligi

Mkishamaliza miezi kadhaa bila kusambaratika, sajilini. Mkutano wa wanachama upitishe katiba na uchague viongozi, muhtasari uandikwe na kusainiwa. Pelekeni kwa afisa utamaduni au afisa michezo wa wilaya, ambaye hutoa barua ya kuwatambulisha kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Ada na fomu ulizeni pale pale wilayani, msimpe mtu wa katikati. Baada ya hapo mnajiunga na chama cha soka cha wilaya na chama cha soka la wanawake cha mkoa.

Kila mchezaji anasajiliwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TFF, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vianze kufuatiliwa mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Msipunguze umri wa mtu. Binti aliyepunguziwa miaka miwili leo, siku akiitwa timu ya taifa cheti cha shule kitamuumbua yeye, na aliyemwandikia hatakuwepo.

Ngazi zenyewe ni ligi ya mkoa, kisha mabingwa wa mikoa, kisha Ligi Daraja la Kwanza, kisha Ligi Kuu. Bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake, msimu wa 2016/17, alikuwa Mlandizi Queens, kutoka Mlandizi mkoani Pwani, mji wa barabarani tu. Baada ya hapo, mpaka msimu wa 2024/25, kombe lilikuwa likienda kwa JKT Queens au Simba Queens, ambao nyuma yao kuna jeshi na klabu kubwa. Hao msijilinganishe nao kwa sasa. Angalieni gharama ya kupanda: ligi ya mkoa ni kosta na chakula cha mchana, hatua ya mabingwa wa mikoa ni malazi ya siku nyingi mji wa mbali. Mkipanda bila fedha hiyo mtaomba nauli ya kurudi.

10. Fedha

Hapa sitakawia, sheria ni chache. Laini ya lipa namba au akaunti iwe kwa jina la klabu, watoaji wawe wawili. Kila mwisho wa mwezi mhazini aweke kwenye kundi picha ya daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wafadhili wenu wa kweli ni wa mtaani: duka la dawa, mwenye saluni, muuza maji, fundi wa kushona vizibao. Waombeni kitu kimoja kinachotajika, "katoni mbili za maji kila Jumamosi", wataitikia kuliko mkiwaomba "mchango". Mwanasiasa akileta jezi pokeeni kwa heshima, ila nembo ya klabu ikae kifuani, na wachezaji wasipelekwe mkutanoni kama malipo.

11. Daftari la wachezaji

Kwa kila mchezaji andikeni tarehe ya kuzaliwa, tarehe aliyojiunga, namba ya usajili wa kila msimu, tarehe aliyoondoka na alikokwenda. Kanuni za FIFA za uhamisho zimeiondoa fidia ya mafunzo kwenye soka la wanawake, ila mgao wa mshikamano upo: mchezaji wa kulipwa akiuzwa toka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 mpaka 23. Wanawake wengi huhama bila ada, kwa hiyo msijenge nyumba kwa fedha hiyo. Lakini ada ikitokea, anayelipwa ni mwenye usajili unaoonekana, na "sisi ndio tulimfundisha kupiga mpira" haiingii kwenye hesabu. Daftari likae kwa katibu pamoja na katiba na stakabadhi, na kila ukurasa upigwe picha ihifadhiwe kwenye simu ya matroni, kwa sababu makatibu nao huhama mtaa.